Barafu na Brussels, Wapi na Wapi?

*Mhadhara wa hadhara uliotolewa Brussels mbele ya wasikilizaji wa Kiswahili*



Najua humu ndani wapo waliotoka Beni, Butembo na Goma, wapo wa Bukavu na Lubumbashi, wapo wa Bujumbura, wa Kasese, wa Moshi na wa Mombasa. Wengi mlipoona tangazo la mhadhara huu mliuliza: barafu na Brussels wapi na wapi? Swali ni la haki. Ubelgiji haina mto wa barafu hata mmoja. Mahali pake pa juu kabisa, Signal de Botrange, pana meta 694 tu. Mtu wa Butembo akionyeshwa mlima huo anaweza kuuliza mlima wenyewe uko wapi.

Nina sababu mbili za kuizungumzia barafu katika mji huu. Ya kwanza, udongo tunaoukanyaga hapa ni kazi ya barafu, ingawa barafu yenyewe haikufika. Ya pili, mlima wetu wa Rwenzori ulisomwa sana na watu wa Brussels enzi za ukoloni, na mengi waliyoyaona waliyachapisha hapa hapa.

Hoja yangu ni moja. Anayetaka kujua barafu imeifanyia nini dunia asiikodolee macho barafu iliyopo. Atazame mahali ilipoondoka, kisha atazame mahali ambapo haikuwahi kufika. Huko ndiko kazi yake kubwa iliko.

Simba mwenda pole

Tuanze na namna barafu inavyofanya kazi. Juu ya milima mirefu theluji ya mwaka huu huangukia ya mwaka jana kabla ile ya zamani haijayeyuka. Tabaka juu ya tabaka, ya chini hubanwa, hewa ikatoka, theluji ikageuka barafu ngumu. Ikishafikia unene wa meta 30 hadi 50 hivi, uzito wake wenyewe huanza kuisukuma. Hapo inakuwa mto wa barafu, ambao wanajiografia wengine huuita barafuto, na kama mito yote huteremka. Mingi husogea kwa sentimeta chache kwa siku. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Barafu tupu ni laini ukiilinganisha na mwamba, na peke yake haiwezi kulikwaruza jabali. Mfikirieni mama anayekuna nazi: unaokaliwa ni ubao wa mbuzi, lakini yanayokuna ni yale meno ya chuma. Meno ya barafu ni mawe. Maji huingia katika nyufa za mwamba, huganda, hutanuka na kuupasua. Barafu inaposogea huyang'oa mapande hayo na kuyabeba chini ya tumbo lake, kisha mawe hayo hayo hukwangua mwamba ulio mbele. Kazi ni mbili, kung'oa na kusaga, na hufanyika kwa pamoja kwa maelfu ya miaka.

Alama zake zinasomeka. Mto wa maji huchimba bonde jembamba chini, lenye umbo la herufi V. Mto wa barafu hujaza bonde ukuta kwa ukuta, kwa hiyo huchimba sakafu na kuta kwa wakati mmoja, na ukiondoka huacha bonde pana lenye umbo la U. Kule ulikoanzia, chini ya kilele, huacha shimo kubwa la mviringo ambalo mara nyingi hujaa maji na kuwa ziwa dogo. Mabonde ya pembeni, yaliyokuwa na barafu nyembamba, hubaki yakining'inia juu ya bonde kuu, na maji yake hushuka kwa maporomoko. Na mahali ulipokomea, mawe yote uliyoyabeba huangushwa na kurundikana kuwa tuta refu ambalo wataalamu huliita moreni.

Haya hayakugunduliwa na maprofesa kwanza. Mwaka 1815 huko Uswisi, mwindaji mmoja wa milimani, Jean-Pierre Perraudin, alimweleza mhandisi Jean de Charpentier kwamba majabali yaliyotapakaa bondeni kwao yaliletwa na barafu iliyowahi kujaa bonde zima. De Charpentier hakuamini. Ilichukua miaka hadi wasomi wakakubali, na Louis Agassiz alipolitetea wazo hilo hadharani mjini Neuchâtel mwaka 1837, wengi walimpinga. Mwindaji aliona mapema kwa sababu mawe aliyapita kila siku na alijua kwamba hakuna mto wa maji unaoweza kulipandisha jabali la ukubwa ule ubavuni mwa mlima.

Mlima unaosomeka

Sasa twende kwetu. Afrika Mashariki ina milima mitatu yenye barafu, na yote inaipoteza. Kilimanjaro na Mlima Kenya ni milima ya volkeno. Katika Mlima Kenya mabonde ya Teleki na Gorges ni mabonde ya U ya kufundishia darasani, na Ziwa Michaelson limekaa ndani ya shimo lililochimbwa na barafu. Rwenzori ni tofauti kwa asili: si volkeno, ni pande la mwamba mkongwe lililoinuliwa kandokando ya Bonde la Ufa. Kilele chake cha Margherita kina meta 5,109, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapo juu.

Wakonzo na Wanande wanaoishi pande zote mbili wana imani zao za kale kuhusu theluji ile, na Kitasamba, mwenye mlima, hutajwa kwa heshima kabla mtu hajapanda. Wazungu walichelewa. Msafiri Stanley aliiona theluji hiyo mwaka 1888, na mwaka 1906 Duki wa Abruzzi kutoka Italia alipanda vilele vikuu, akiwa na mpiga picha Vittorio Sella. Picha za Sella zimekuwa shahidi muhimu, kwa maana kila anayepanda leo anaweza kulinganisha. Mwaka ule barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba.

Lakini barafu ya 1906 nayo ilikuwa masalio. Ukipanda kwa upande wa Uganda utafika kituo cha Nyabitaba, kwenye meta 2,650 hivi. Mahali hapo ni msituni, joto bado lipo, nyani wanalia. Tuta refu unalopanda kwa jasho ili ufike hapo ni moreni. Maana yake ni kwamba barafu iliwahi kushuka hadi pale, na katika bonde la Mubuku ilishuka hadi karibu meta 2,000, mahali ambapo leo panaota mimea ya ukanda wa joto. Henry Osmaston, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuusoma mlima huu, alionyesha kwamba barafu ya zama zile ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 200.

Tunajuaje ni lini? Si mbali na Nyabitaba, ndani ya matuta ya mawe, kuna ziwa dogo liitwalo Mahoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daniel Livingstone, Mmarekani, alizamisha bomba katika tope la sakafu yake na kulipima kwa kaboni. Tope haliwezi kutuama mahali palipojaa barafu, kwa hiyo umri wa tope la chini kabisa ni ushahidi kwamba wakati huo barafu ilikuwa imekwisha kuondoka. Jibu lilikuwa zaidi ya miaka 14,000. Baadaye watafiti walipima majabali ya moreni yenyewe kwa njia ya beriliamu-10, isotopu inayojijenga ndani ya jiwe tangu siku linapopata kupigwa na miale ya anga. Walichokuta ni kwamba barafu ya Rwenzori ilianza kurudi nyuma miaka 20,000 hivi iliyopita.

Upande wa Kongo njia huanzia Mutwanga na kupita Kalonge, Mahangu na Kiondo. Kituo cha mbele ya hapo kinaitwa Moraine. Waliokipa jina hawakuhangaika kutafuta lingine, kwa sababu kimesimama penye mawe yaliyoachwa na barafu. Njiani kuna maziwa yenye majina ya rangi zake kwa Kifaransa: Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris. Ukifika huko juu, piga magoti uguse mwamba. Upande mmoja utaukuta umelainika hadi kiganja kinateleza, na juu yake kuna mikwaruzo myembamba iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Zunguka upande wa pili wa mwamba huo huo, utaukuta umechongoka na kuvunjikavunjika. Upande laini ndiko barafu ilikotokea, ikasaga ikipanda. Upande uliovunjika ndiko ilikoelekea, ikang'oa ikishuka. Huhitaji kipimo chochote. Mwamba wenyewe unakuambia barafu ilitoka wapi ikaenda wapi.

Mtu aliyechimba Ishango

Mwaka 1932 msafara wa kisayansi wa Kibelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda Rwenzori kwa upande wa Kongo na kufika kilele cha Albert. Taarifa yake ilichapishwa hapa Brussels miaka michache baadaye. Miaka ya 1950 akaja mtu ninayetaka tumtazame kwa karibu zaidi, Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa taasisi ya sayansi asilia ya mji huu. Aliufuatilia mto wa barafu uitwao Stanley upande wa magharibi wa mlima, akaonyesha hatua kwa hatua ulivyorudi nyuma, na mwaka 1962 akachapisha ramani ya mipaka ya zamani ya barafu kwa upande wa Kongo.

Wengi hapa mnamjua de Heinzelin kwa jambo jingine hata kama jina hamkulijua. Ndiye aliyechimba Ishango mwaka 1950, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, akapata mfupa mdogo uliochorwa mistari kwa makundi. Wapo wanaousoma kama hesabu, wapo wanaousoma kama kalenda ya mwezi. Mfupa huo upo katika Makumbusho ya Sayansi Asilia ya Brussels, si mbali na mtaa wa Matonge. Unaweza kutoka kununua pondu na samaki wa chumvi Chaussée de Wavre, ukatembea kwa miguu ukaenda kuuona.

Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Linganisheni na tarehe niliyowapa ya Rwenzori. Aliyechora mistari ile aliishi wakati barafu ya mlima ilipokuwa karibu na upeo wake. Maji ya mteremko wa magharibi wa Rwenzori huishia Semliki, mto ule ule aliovua samaki kingoni mwake, yakaelekea Ziwa Albert na hatimaye Nile. Tunapousifu mfupa wa Ishango tunasimulia habari za hesabu, na ni sawa. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba aliyeuchora alikuwa jirani wa mlima mweupe kuliko tulioukuta sisi, katika nchi iliyokuwa na baridi na ukame zaidi ya hii tuijuayo.

Vumbi lililojenga Brabant

Tuache mlima sasa, turudi mtaani. Wakati huo huo, huku Ulaya, barafu kubwa ilikuwa imeifunika Skandinavia yote na kushuka hadi kaskazini ya Ujerumani. Katika kipindi cha kale zaidi, miaka 150,000 hivi iliyopita, barafu ilifika katikati ya Uholanzi na kuusukuma mchanga hadi ukawa vilima vya Veluwe na Utrechtse Heuvelrug. Ubelgiji haikukanyagwa, wala mara ya kwanza wala mara ya pili.

Hata hivyo haikusalimika. Maji mengi ya dunia yaligeuka barafu yakabaki nchi kavu, na kina cha bahari kikashuka kwa takriban meta 120. Bahari ya Kaskazini, hii tunayokwenda kuitazama Ostend siku za jua, ilikuwa uwanda mkavu. Juu ya uwanda huo na mbele ya barafu kulikuwa na mchanga na unga wa mawe yaliyosagwa, na mimea ya kuushika ilikuwa haba. Upepo ukauchukua.

Upepo nao una utaratibu wake. Kilicho kizito hukiangusha mapema, kilicho chepesi hukipeleka mbali. Ndiyo maana ukisafiri kutoka kaskazini ya Ubelgiji kwenda kusini unakuta kwanza ardhi ya mchanga ya Kempen, maskini kwa kilimo, kisha udongo wa mchanganyiko, halafu unafika Brabant na Hesbaye, ambako udongo ni tifutifu, wa rangi ya manjano kahawia, laini usio na jiwe. Udongo huo wa upepo huitwa loesi. Ngano na viazisukari vya Hesbaye vinaota humo. Witloof, ile mboga nyeupe chungu iliyoanzia kando ya mji huu katika karne ya 19, mizizi yake ililimwa katika udongo huo kabla ya kuingizwa gizani ichipue. Nyumba nyingi za zamani za Brussels zilijengwa kwa matofali yaliyochomwa kutokana na udongo huo huo.

Anayetaka kuuona ushahidi apande tramu aende msitu wa Soignes, kusini-mashariki ya mji. Mashamba ya jirani yamelimwa kwa karne nyingi na sura ya zamani imefutika. Msitu huu umebaki msitu, na ndiyo maana vibonde vyake vimetunza umbo vililolipata mwishoni mwa zama za barafu. Vingi havina kijito. Ardhi ilikuwa imeganda chini, maji ya theluji iliyoyeyuka hayakuweza kuzama, yakapita juu yakichimba. Ardhi ilipoyeyuka maji yakazama, vibonde vikabaki vikavu.

Kisha tafuteni mti wa biichi ulioangushwa na upepo. Mti wenyewe unaweza kuwa na urefu wa zaidi ya meta 30, lakini mzizi ulionyanyuka nao ni bapa, mpana, mfupi kwenda chini. Roger Langohr wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake walieleza sababu: chini kidogo ya uso wa msitu kuna tabaka gumu lililoshindiliwa enzi za baridi kali, na mizizi hushindwa kulipenya isipokuwa penye nyufa za zamani. Dhoruba za mwaka 1990 ziliangusha miti mingi sana msituni humo. Wapita njia waliulaumu upepo. Upepo ulikuwa na mshirika wake, nayo ni baridi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Na kule Hautes Fagnes, karibu na Botrange niliyoitaja, kuna mashimo ya mviringo yaliyozungukwa na kingo za udongo. Wenyeji waliyaita viviers, wakidhani ni mabwawa ya kale ya kufugia samaki. Albert Pissart wa Liège alionyesha kwamba ni makovu ya barafu iliyojijenga ndani ya ardhi, ikainua udongo kuwa vichuguu, kisha ikayeyuka na kuviacha vikiporomoka katikati.

Barafu ikiisha

Watu huniuliza: barafu ya Rwenzori ikiisha, mlima utakuwa umekwisha? Kwa haya niliyoyasema, mnaweza kujibu wenyewe. Hasara ipo, na ni kubwa, kwa Wakonzo na Wanande kwanza, kwa sababu mlima ule ni sehemu ya ibada na historia yao. Imepotea pia kumbukumbu ya hali ya hewa iliyokuwa imehifadhiwa katika tabaka za barafu. Lakini tukidhani kwamba kazi ya barafu itaisha siku kipande cha mwisho kitakapoyeyuka tutafanya makosa ya kiutendaji, yanayogharimu maisha.

Chukueni maji. Mito ya Rwenzori inalishwa zaidi na mvua, na mchango wa barafu kwa sasa ni mdogo. Lakini barafu ilichimba sakafu bapa katika mabonde ya juu, na sakafu hizo zikawa vinamasi kama Bigo, ambako maji ya mvua hukaa kabla ya kushuka pole pole. Vinamasi hivyo vikikaushwa, au misitu inayovizunguka ikiungua, mtu wa bondeni ataumia kuliko alivyoumia barafu ilipopungua.

Chukueni mawe. Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika, ukaingia Kilembe na Kasese na majabali makubwa, ukabomoa nyumba na madaraja. Watafiti, wakiwamo wa kutoka Ubelgiji, walieleza kwamba mvua kubwa, maporomoko ya ardhi na moto ulioteketeza uoto wa juu mwaka mmoja kabla vilichangia kwa pamoja. Mwaka 2020 mto ukafurika tena. Mabonde ya mlima huu yamejaa mawe yasiyoshikana, na miteremko yake ni mikali kwa sababu ilichongwa na barafu. Mhandisi anayejenga daraja Kasese au Mutwanga bila kujua historia hiyo anajenga kwa kubahatisha.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa vijana mliopo hapa mnaosoma vyuo vya nchi hii. Taarifa ya msafara wa 1932 na maandishi ya de Heinzelin yameandikwa kwa Kifaransa, kwa lugha ya kitaalamu, na kijana wa Mutwanga au wa Kyondo hayafikii kirahisi. Nyinyi mnayafikia. Yasomeni, yalinganisheni na mlima wa leo, yaandikeni kwa Kiswahili na kwa Kinande. Walioyaandika walipandishwa mlimani na wapagazi waliojua kila kivuko na kila pango la kulala, na majina ya wapagazi hao ni nadra kuandikwa. Deni hilo hulipwa kwa kuwarudishia wajukuu wao elimu iliyotoka mlimani kwao.

Sasa nakaribisha maswali, na wa Beni na Kasese waanze, kwa sababu wao wameyapita mawe haya kwa miguu yao.